Povu la Sufuriani na Matone ya Kulizuia: Kinachotokea Bia Inapochemshwa Nyumbani

Dakika chache kabla maji ya kimea, yaani yale maji matamu ya nafaka iliyooteshwa ambayo baadaye huwa bia, hayajachemka, uso wake hubadilika. Kwanza hutanda ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia kwenye kingo za sufuria. Kisha viputo vidogo hujikusanya katikati na kuungana na ngozi hiyo, mpaka uso wote ukafunikwa na povu zito ambalo jicho haliwezi kuona chini yake. Kwa muda hakuna kinachoonekana kusogea. Halafu povu hilo huumuka kama kinyunya kilichotiwa hamira, hufika ukingoni, na ndani ya pumzi mbili tatu linakuwa limekwisha kumwagika juu ya jiko na kuacha ukoko wa sukari iliyoungua.

Wapikaji wa bia za nyumbani wanapoisimulia ajali hii hulalamikia zaidi uchafu wa jiko, ingawa uchafu ndio hasara ndogo kuliko zote. Maji ya kimea yana sukari nyingi, kwa hiyo hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza pale ambapo maji matupu yangekuwa yameshatiririka; yakimwagikia jiko la gesi yanaweza kuuzima moto huku gesi ikiendelea kutoka; na yakimwagika wakati hopsi zimeshatiwa, yaani yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu yake, povu huondoka na sehemu ya hopsi hizo, na uchungu uliokusudiwa haupatikani tena. Ndiyo maana vichupa vidogo vya kizuia povu vimeingia katika vifaa vya wapikaji wengi. Matone machache hutiwa sufuriani kabla ya kuchemka, na povu halipandi.

Hata hivyo wapo wengi wanaosita kuyatumia, na maswali yao ni ya haki. Je, kitu kinachoua povu sufuriani hakitaliua povu la bilauri, ambalo ni fahari ya bia? Je, ni salama kukinywa? Na kama matone mawili yanafaa, kwa nini kumi yasifae zaidi? Majibu ya maswali haya yote yanatoka mahali pamoja. Kizuia povu hakipunguzi mvuke wala hakipunguzi joto. Kinachofanya ni kuufungulia mvuke njia ya kutokea. Anayeshika jambo hilo moja ataweza kujijibia mwenyewe karibu kila swali linalohusu matone haya, pamoja na lile la lini yasitegemewe.

Mvuke uliokosa pa kutokea

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu ni vigumu kuamini jinsi jambo hili linavyokwenda kasi. Tuchukue sufuria yenye upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 35, iliyotiwa lita 20 za maji ya kimea. Yakiwa baridi, maji hayo yatafika kimo cha sentimita 28 hivi, na mpikaji ataona nafasi ya sentimita 7 juu yake na kuridhika. Lakini maji yanapopata joto kutoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi 100 hutanuka kwa takriban asilimia 4, kwa hiyo zaidi ya sentimita moja ya nafasi ile imekwisha kuliwa kabla hata kiputo kimoja hakijatokea.

Sasa tuseme jiko linaingiza ndani ya sufuria joto la kilowati 2. Kugeuza gramu moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji takriban jouli 2,257, hivyo kilowati 2 hutoa karibu gramu 0.9 za mvuke kila sekunde. Gramu hizo zinaonekana si kitu, mpaka tukumbuke kwamba gramu moja ya mvuke wa nyuzi 100 hujaza karibu lita 1.7. Kwa maneno mengine, kila sekunde inayopita, kitako cha sufuria hiyo kinazalisha lita moja na nusu ya mvuke. Uso wa maji ukiwa wazi, mvuke huo hupasua viputo vyake na kwenda zake hewani bila mtu kuuona. Uso ukiwa umefunikwa na povu lisilopasuka, lita hiyo moja na nusu hubaki ndani ya povu na kulisukuma juu kwa kiasi cha sentimita 2 kila sekunde. Nafasi ya sentimita 6 iliyobaki itajaa katika sekunde tatu.

Sekunde tatu hazitoshi kuweka chini kijiko ulichoshika na kufika kwenye kitasa cha jiko. Kwa hiyo mpikaji ambaye povu limemshinda asijione mzembe. Alikuwa anashindana na kitu kinachokwenda kasi kuliko mkono wake. Hesabu hiyo hiyo inaonyesha pia kwa nini jiko kali ni hatari zaidi ya jiko la wastani, na kwa nini sufuria pana ni salama kuliko sufuria nyembamba yenye ujazo uleule: mvuke ni mmoja, lakini katika chombo chembamba unapanda juu zaidi.

Kwa nini maji matupu hayafanyi hivi

Maji safi yakichemka hutoa viputo vikubwa vinavyopasuka mara tu vinapofika juu. Kinachoyatofautisha maji ya kimea ni protini zilizotoka kwenye nafaka. Molekuli za protini zina sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazoyakimbia, na zikipata joto hufunguka na kuzianika zile sehemu zinazoyakimbia maji. Mahali pazuri pa molekuli ya namna hiyo kutulia ni mpakani, baina ya maji na mvuke, upande mmoja ukiwa ndani ya maji na mwingine ukiwa nje. Kila kiputo kinachozaliwa hivyo huvikwa joho la protini.

Joho hilo hufanya kazi mbili. Kwanza hukaza ukuta wa kiputo, kwa kuwa protini zilizokaa pamoja mpakani hushikana na kuwa kama wavu. Pili, huupa ukuta uwezo wa kujitibu. Ukuta wa kiputo ukianza kuwa mwembamba mahali fulani, protini za mahali hapo hutawanyika, mvutano wa uso wa kimiminika (ile nguvu inayoufanya uso ujikaze kama ngozi) huongezeka hapo, na kimiminika cha jirani huvutwa kuja kuliziba pengo. Mvuto huu unaotokana na tofauti za mvutano wa uso unajulikana kwa jina la Carlo Marangoni, mwanafizikia wa Italia aliyeuchunguza katika karne ya 19. Ndio unaofanya povu la maji ya kimea livumilie: kila linapojeruhiwa, linajishona.

Yapo mambo mawili yanayofuata kutokana na hayo, na mpikaji huyaona kwa macho yake hata kama hajui sababu. La kwanza ni kwamba hatari kubwa iko mwanzoni mwa kuchemka. Katika dakika za mwanzo, kwa kawaida baina ya 5 na 20, sehemu ya protini huendelea kufunguka, kisha hugandana na kuwa vipande vinavyoelea kama mayai yaliyovurugwa. Protini iliyogandana hivyo haivalishi kiputo chochote, na ndiyo maana baada ya muda povu hunywea lenyewe na maji huanza kuchemka kwa utulivu, yakibingirika. Aliyevuka kipindi hicho ameuvuka mtihani mkubwa.

La pili linahusu hopsi, na hapa wapikaji wengi huchanganyikiwa kwa sababu wanasikia habari mbili zinazopingana. Wengine husema hopsi hutuliza povu, wengine husema hopsi ndizo zilizowafurikishia sufuria. Wote wanasema kweli. Hopsi zina mafuta na utomvu ambao hudhoofisha povu kidogo, kwa hiyo kiasi kidogo kikitiwa mapema, maji yakiwa bado hayajachemka, husaidia. Lakini hopsi zilizosagwa na kushindiliwa kuwa vidonge hubeba hewa katika vitundu vyao vingi, na zikimwagwa kwa mkupuo ndani ya maji yaliyo katika joto la kuchemka, kila kitundu huwa mahali pa kuzaliwa kiputo kipya. Maelfu ya viputo huzaliwa kwa mara moja, na sufuria iliyokuwa imetulia huripuka.

Tone linafanya nini

Vizuia povu vinavyotumika zaidi katika bia vimetengenezwa kwa mafuta ya silikoni, ambayo jina lake la kikemia ni polidimethilisiloksani, yakiwa yamechanganywa na chembe ndogo mno za silika ambazo zimetibiwa ili zisilowe maji. Mchanganyiko huo wa mafuta na chembe huitwa simethikoni, na watu wengi wameshaumeza bila kujua uhusiano wake na bia, kwa kuwa ndio uliomo katika matone wanayopewa watoto wachanga wenye gesi tumboni. Kazi ni ileile: tumboni hupasua viputo vya gesi, sufuriani hupasua viputo vya mvuke. Kwa matumizi ya bia huuzwa kama emalsheni, yaani mafuta yaliyotawanywa ndani ya maji kwa vitone vidogo sana ili yaenee upesi. Fermcap ni jina mojawapo ambalo wapikaji wengi wanalifahamu.

Silikoni haiyeyuki katika maji ya kimea, na nguvu yake yote inatokana na kutoyeyuka huko. Kitone chake huelea mpaka kikakutana na ukuta wa kiputo. Mvutano wa uso wa mafuta haya ni mdogo sana, takriban milinyutoni 20 kwa mita ilhali wa maji safi ni kama 72, na kwa sababu hiyo mafuta hupenda kujitandaza juu ya karibu kila kimiminika chenye maji. Shida ni kufika juu. Baina ya kitone cha mafuta na uso wa kiputo huwa pamebaki utando mwembamba wa maji unaokataa kuachia njia, na hapo ndipo zile chembe za silika zinapofanya kazi yake: hutokeza nje ya kitone kama miiba, huutoboa utando, na kitone huingia mpakani. Mafuta peke yake hufanya kazi hiyo kwa udhaifu, na chembe peke yake pia hazifui dafu. Yakiunganishwa, nguvu yake hupita mbali jumla ya nguvu za kila kimoja.

Kitone kikishaingia, huunda daraja kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine. Ukuta uliokuwa umesimama kwa wavu wa protini sasa una sehemu ya katikati ambayo ni mafuta, na mafuta hayana protini za kujishona. Maji ya pande zote hukimbia kutoka kwenye daraja, daraja hunyooka na kukatika, na kiputo hupasuka. Kisha kitone kilekile, ambacho hakikutumika wala kuyeyuka, huangukia ukuta wa kiputo kinachofuata. Ndiyo maana kiasi kidogo sana hutosha: tone moja hugawanyika kuwa vitone visivyohesabika, na kila kimoja hurudia kazi yake mara nyingi.

Tabia hii ya mafuta kufanya makubwa kwa kiasi kidogo haikugunduliwa na watengenezaji wa silikoni. Mwaka 1774 Benjamin Franklin alichapisha maelezo ya jinsi alivyomimina mafuta yasiyozidi kijiko cha chai juu ya bwawa la Clapham, London, akayaona yakitanda na kulituliza eneo la karibu nusu ekari. Na mwaka 1891 jarida la Nature lilichapisha barua ya Agnes Pockels, Mjerumani aliyefanya majaribio ya uso wa maji nyumbani kwake bila maabara wala cheo cha chuo kikuu. Nawataja kwa kuwa elimu ya uso wa vimiminika ina deni kubwa kwa watu waliotazama kwa makini vitu vya kawaida, na sufuria ya bia ni kimojawapo cha vitu hivyo.

Je, povu la bilauri litapona?

Hofu hii ndiyo inayowazuia wengi, na inastahili kujibiwa kwa urefu. Jibu fupi ni kwamba, kwa kipimo sahihi na kwa wakati sahihi, bia hubaki na povu lake. Sababu ni ileile ya kutoyeyuka. Kitu kilichoyeyuka katika maji ya kimea kingesafiri nayo hadi mwisho, kikapita katika uchachushaji na kuingia chupani. Silikoni haisafiri hivyo. Baada ya kuchemka hunata kwenye vipande vya protini iliyogandana, kwenye machicha ya hopsi na kwenye kuta za vyombo. Katika wiki za uchachushaji hunata kwenye chembe za hamira, na hamira inaposhuka chini huenda nayo. Mpikaji anapoihamisha bia na kuyaacha mashapo, anaacha humo sehemu kubwa ya kizuia povu alichotia.

Lipo jambo jingine ambalo huwashangaza wengi. Protini zinazojenga povu hutumika mara moja tu. Zikishapanda na povu, zikakauka ukingoni mwa sufuria au kwenye shingo ya chombo cha kuchachushia, hugandana na hazirudi tena kuyeyuka. Kila povu linalotoka mapema ni akiba iliyopunguzwa katika povu la bilauri, na kila utando wa kahawia unaokauka ukingoni umechukua pia uchungu wa hopsi, kwa sababu viambata vya uchungu navyo hupenda kukaa mpakani pamoja na protini. Kizuia povu kinachozuia vyote hivyo visipande huviacha ndani ya bia. Kuna protini moja ya shayiri, iitwayo kwa kifupi LTP1, ambayo katika hali yake ya asili haijengi povu vizuri, lakini ikishapata joto la kuchemka hubadilika na kuwa mojawapo ya wajenzi wa povu la bia. Kuchemsha vizuri, kwa hiyo, ndiko kunakolitengeneza povu la baadaye, na kila kinachomwezesha mpikaji kuchemsha bila woga humsaidia pia mnywaji.

Neno woga nimelitumia makusudi. Nimewaona wapikaji ambao, baada ya kufurikiwa mara moja, hupunguza moto mpaka maji yanatikisika tu bila kubingirika. Wanaokoa jiko na kupoteza bia. Kuchemka kwa nguvu ndiko kunakogandisha protini zisizotakiwa, ndiko kunakogeuza utomvu wa hopsi kuwa uchungu, na ndiko kunakofukuza dimethili salfaidi, kiambata kinachotokana na kimea chenyewe na kinachoipa bia harufu ya mahindi yaliyochemshwa. Kiambata hicho huondoka na mvuke, na kwa ajili hiyo sufuria isifunikwe. Mfuniko hurudisha matone yake ndani na papo hapo huharakisha kufurika. Kwangu mimi, faida kubwa ya kizuia povu iko hapa: kinamruhusu mpikaji kuacha sufuria wazi na moto ukiwa na nguvu inayotakiwa, kwa saa nzima.

Hata hivyo povu la bilauri linaweza kuuawa kweli, na hilo hutokea kwa makosa yanayofahamika. La kwanza ni kuzidisha. La pili ni kutia matone mwishoni, bia inapokaribia kuwekwa chupani, wakati hakuna tena mashapo wala hamira nyingi ya kuyabeba. La tatu ni kutumia mafuta ya kupikia badala ya silikoni. Tone la mafuta ya kupikia hutuliza povu kwa kiasi fulani, hilo si uongo, lakini halina chembe za kutoboa, kwa hiyo mtu hulazimika kutia mengi. Mafuta hayo huchacha kadiri siku zinavyokwenda na kuipa bia ladha ya kuchakaa, na yanayofika chupani hulidhoofisha povu kama mafuta ya midomo yanavyolidhoofisha kwenye ukingo wa bilauri.

Kiasi gani, na lini

Sheria za chakula za Marekani zinaweka mpaka wa sehemu 10 za silikoni kwa kila milioni katika chakula kilicho tayari kuliwa, ambayo kwa bia ni sawa na takriban miligramu 10 kwa lita. Katika Umoja wa Ulaya kiongezeo hiki hutambuliwa kwa namba E 900. Mwilini hakimeng'enywi wala hakifyonzwi kwa kiasi cha maana. Hupita na kutoka kama kilivyoingia. Mpikaji wa nyumbani hana haja ya kuukaribia mpaka huo, na hesabu ya kuthibitisha hivyo ni nyepesi.

Tuchukue matone ya watoto yenye miligramu 40 za simethikoni katika kila mililita 0.6, yaani karibu miligramu 67 kwa mililita. Mililita moja ikitiwa katika lita 20 hutoa miligramu 3.3 kwa lita, theluthi moja ya mpaka, kabla hata mashapo hayajachukua sehemu yake. Na mara nyingi nusu ya kiasi hicho hutosha. Emalsheni za bia huwa na nguvu mbalimbali, na hapo ndipo watu wanapokosea, kwa kuwa hunakili idadi ya matone kutoka kwa mtu anayetumia chupa ya aina nyingine. Emalsheni yenye silikoni asilimia 10 ina miligramu 100 hivi katika kila mililita. Ya asilimia 30 ina 300. Mililita moja ya hiyo ya pili katika lita 20 ingekuwa miligramu 15 kwa lita, juu ya mpaka. Kwa kuwa tone la kawaida ni karibu mililita 0.05, matone matano yake yangetoa chini ya miligramu 4 kwa lita, na hayo yanatosha kabisa. Soma asilimia kwanza, ndipo uhesabu matone.

Kuzidisha hakuongezi ulinzi. Vitone vikishakuwa vingi kiasi cha kila ukuta wa kiputo kukutana na kimoja, vya ziada havina ukuta wa kupasua. Hubaki kuwa mzigo wa mashapo, na visipobebeka huishia katika bilauri.

Wakati mzuri wa kutia ni kabla ya kuchemka, maji yakiwa na joto lakini uso ukiwa bado wazi, kisha yakorogwe mara moja. Kama povu limeshaanza kupanda, jambo la kwanza ni kuondoa joto, ndipo matone yafuate. Matone huhitaji sekunde kadhaa kuenea, na tumeshaona sekunde tatu zinavyoweza kufanya. Tikisa chupa kila mara kabla ya kutumia, kwani mafuta na chembe hujitenga zikikaa, na tone la juu linaweza kuwa karibu maji matupu. Hifadhi chupa mahali pa ubaridi bila kuigandisha. Na usiguse kabisa vizuia povu vya mashine za kusafishia mazulia, vya mabwawa ya kuogelea au vya rangi, hata kama vimeandikwa silikoni, kwa kuwa vimechanganywa na vitu ambavyo havikukusudiwa kumezwa.

Baadhi ya wapikaji hugundua kwamba matone yaliyotuliza povu vizuri mwanzoni huonekana kuchoka kabla saa ya kuchemka haijaisha. Si dhana yao. Kadiri vitone vinavyopasua viputo, mafuta na chembe hutengana: vitone vingine hubaki mafuta bila miiba, na chembe hujikusanya kwenye mabonge yasiyo na mafuta ya kutosha, na vyote viwili havifanyi kazi. Tone moja jipya huirudisha nguvu. Kwa hiyo anayepanga kutia hopsi nyingi katikati ya kuchemka ni heri agawe kipimo chake mara mbili, sehemu moja mwanzoni na nyingine muda mfupi kabla ya hopsi, kuliko kukimaliza chote kwa mkupuo.

Ndani ya chupa ya kioo na ndani ya chombo cha kuchachushia

Kama pana mahali ambapo ningesema kizuia povu karibu hakikwepeki, ni katika ile chupa ya maabara yenye umbo la pia, kitako kipana na shingo nyembamba, ambayo wapikaji hutumia kuchemshia maji kidogo ya kimea kwa ajili ya kuamsha hamira. Kitako chenye upana wa sentimita 16 na shingo ya sentimita 5 vina maeneo yanayotofautiana mara kumi. Povu linalopanda sentimita moja kwa sekunde chini, likifika shingoni hupanda sentimita kumi. Mpikaji huona maji yametulia, na kufumba na kufumbua yamekwisha kuruka nje. Tone moja ndani ya chupa hiyo huondoa balaa lote.

Katika uchachushaji, matone hutumika kwa lengo jingine. Povu la hamira likipanda huweza kuziba kizibo cha kutolea gesi, na gesi ikikosa njia hukirusha kizibo hadi darini. Matone machache huliweka povu chini na kuruhusu chombo kijazwe zaidi. Tahadhari ni kwamba hapa hakuna tena moto wa kuua vijidudu, na emalsheni si kitu kilichotakaswa. Aliyetia kipimo chake wakati wa kuchemsha hana haja ya kutia tena, na anayelazimika kutia atumie chupa mpya na kidondoshi kilichosafishwa kwa dawa. Silikoni hupunguza pia wepesi wa hewa kuingia katika kimiminika, kwa sababu hufanya viputo vidogo viungane kuwa vikubwa. Kwa hiyo anayeipa hamira hewa kwa pampu aongeze muda kidogo.

Yapo mambo ambayo matone hayataweza kuyafanya. Hayapunguzi kutanuka kwa maji, kwa hiyo sufuria iliyojazwa hadi ukingoni itamwaga hata kama haina kiputo cha povu. Hayazuii kimea cha kukolezwa, yaani kile kinachouzwa kikiwa sharubati nzito au unga, kutuama chini na kuungua. Kimea hicho kitiwe moto ukiwa umezimwa, kikorogwe mpaka kiyeyuke chote, ndipo jiko liwashwe tena. Na hayazuii mripuko wa hopsi zilizomwagwa kwa mkupuo, kwa sababu mripuko huo ni wa mvuke mwenyewe kuzaliwa kwa ghafla, si wa viputo kukataa kupasuka. Hapo dawa ni kuzima moto kwa nusu dakika, kutia hopsi kidogo kidogo huku mkono mwingine ukikoroga kwa mwiko, na kuuwasha moto tena pale zitakapokuwa zimelowa zote na kuanza kuzama.